Dirisha la paa kwenye korido ya nyumba ya Kiswahili, Tanga: kazi ilivyokwenda na ilichogharimu

Nyumba ni ya mama, ipo Ngamiani, Tanga. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mtaa ule: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko na choo. Korido ina urefu wa mita 9.5 na upana wa mita 1.5, na haina dirisha hata moja. Milango ya vyumba ikifungwa, saa sita mchana mnapishana kwa kupapasa.

Naandika kila hatua inapokwisha, ili anayetaka kufanya kazi kama hii achukue vipimo vyetu na asipite kwenye makosa yetu. Bei zote ni shilingi za Tanzania nilizotoa mfukoni mwaka 2025.

11 Januari 2025: Kupima giza

Mama ana mtoto wa jicho upande wa kulia. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye ndoo katikati ya korido, saa tano asubuhi, umeme ukiwa umekatika. Aliumia goti tu, Alhamdulillahi, lakini tangu siku ile akipita korido anatembea ameshika ukuta. Hapo ndipo nilipoamua kwamba jua lililojaa uani lazima liingie ndani.

Nilipakua programu ya kupima mwanga kwenye simu. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kulinganisha kabla na baada. Katikati ya korido, saa sita mchana, milango ya vyumba imefungwa: luksi 11. Barazani kivulini, dakika ile ile: zaidi ya 4,000.

Hali ya paa ni hii. Bati ni za rangi, msauzi, geji 28, ziliezekwa 2016. Mgongo wa paa unakwenda sambamba na korido, kwa hiyo upande mmoja wa paa unatazama kaskazini na mwingine kusini. Dari ya korido ni jipsamu. Toka kwenye dari hadi kwenye kofia ya paa, yaani bati linalofunika mgongo wa paa, kuna mita 1.5, na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimeachana mita 1.2. Anayetaka kuiga aanze na vipimo hivi vitatu kabla hajauliza bei ya kitu chochote: mwelekeo wa paa, kina kati ya dari na bati, na nafasi kati ya kenchi.

Nimeulizia bomba la mwanga, lile lenye kuta za ndani kama kioo cha kujitazamia, ambalo huchukua mwanga juu ya paa na kuuteremsha hadi darini. Nimetajiwa 850,000 bila ufundi. Nimeliacha.

18 Januari: Chupa kwenye jiko la uani

Kabla ya kugusa paa kubwa nilijaribu njia ya chupa kwenye jiko la uani, ambalo ni bati tupu bila dari. Njia hii ilianzia Brazili mwaka 2002 kwa fundi makanika mmoja wa mji wa Uberaba, Alfredo Moser, na imeenea nchi nyingi tangu hapo. Unachukua chupa angavu ya lita moja na nusu, unaijaza maji safi, unatia vifuniko viwili vya klorini ili maji yasiote ukijani, halafu unaipachika batini: theluthi moja ibaki nje juani, iliyobaki ining'inie ndani. Maji huupinda mwanga na kuutawanya kila upande.

Chupa mbili, mrija mmoja wa silikoni 8,000, klorini 1,500. Jumla 9,500, na jiko limekuwa na mwanga wa kuonea mboga ndani ya sufuria. Kwa jiko, banda au choo kisicho na dari, sioni sababu ya mtu kutumia zaidi ya hapo. Korido yetu ina dari, na mita moja na nusu ya giza juu yake. Chupa ingemulika darini juu, sisi chini tusipate kitu.

25 Januari: Bati la plastiki

Fundi wa kwanza alishauri njia ya mkato ambayo wengi hutumia: toa bati moja la chuma, weka la polikaboneti lenye migongo ile ile, kata dari chini yake, basi. Niliagiza kipande cha mita 3, angavu kabisa, kutoka Dar es Salaam: 96,000, na mzigo kwa basi 12,000. Misumari ya bati 4,000. Silikoni mirija miwili 16,000. Fundi na kijana wake 60,000. Fundi dari aliyekata tundu la mita 1.2 kwa 0.9 na kulizungushia fremu, 35,000. Jumla 223,000.

Waliliweka upande wa kusi, kwa sababu ngazi ilikaa vizuri upande ule. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyotajwa, nami sikuuliza nyingine. Bati la chuma lililopakana nalo lilikuwa refu kidogo, wakalikata kwa grinda pale pale juu ya paa, na pembeni mwa bati la plastiki wakazungushia silikoni. Nakumbuka harufu ya siki ilijaa korido nzima hadi magharibi.

Kipimo saa sita mchana: luksi 2,400. Watoto wa jirani waliingia kutazama. Nililala siku ile nikiamini kazi imekwisha.

16 Februari: Joto, na mraba wa jua

Mambo mawili yamejitokeza ndani ya wiki tatu.

La kwanza ni joto. Saa nane mchana kipimajoto kinasoma nyuzi 36 koridoni na 32 vyumbani. Zamani korido ndiyo ilikuwa sehemu ya baridi kuliko zote nyumbani. Ndipo mkeka ulipotandikwa baada ya chakula cha mchana. Nimekaa na kalamu nikaelewa. Jua la adhuhuri huku kwetu linamwaga takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Bati letu la plastiki lina mita za mraba 2.4 na linapitisha zaidi ya asilimia 80. Hizo ni wati 2,000 zinazoingia chini ya paa, sawa na pasi mbili za umeme zilizoachwa zimewaka mchana kutwa.

Na upande wa paa tulichagua vibaya. Tanga ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi, miezi ya joto kali, jua la mchana liko kusini yetu. Mwezi Desemba linafika nyuzi 18 kusini ya utosi. Kwa hiyo paa linalotazama kusini ndilo linalolipokea uso kwa uso wakati ule ule tunaoungua. Lile la kaskazini hulipokea kwa ubavu, na hulipata vizuri Juni na Julai, kukiwa na ubaridi. Hesabu hii inamhusu kila aliye kusini ya Ikweta pwani hii, toka Mombasa hadi Mtwara, na kadiri unavyoshuka kusini tofauti hupungua.

La pili sikulitarajia kabisa. Plastiki ikiwa angavu haitawanyi mwanga. Inadondosha mraba wa jua sakafuni, na mraba huo unatembea. Asubuhi upo ukutani, mchana sakafuni, alasiri mlangoni kwa chumba cha tatu. Ndani ya mraba jicho linaumia, hatua moja nje yake huoni kitu. Mwenye mtoto wa jicho huumizwa na mng'ao kuliko sisi wengine. Mama aliniita, akaniambia kwa upole, kama anavyosema jambo asilotaka liniudhi: "Mwanangu, jua lenu hili nikiingia ndani yake nakuwa kipofu, nikitoka nakuwa kipofu zaidi."

Tulitundika shuka jeupe chini ya tundu. Mwanga ukalainika mara moja. Kwa siku tatu lile shuka lilifanya kazi kuliko shilingi 223,000, na limenifundisha kwamba tulihitaji kitu cheupe cha rangi ya maziwa, tena chenye ukubwa mdogo zaidi.

23 Machi: Maji

Tulikuwa tumeamka kula daku, saa kumi alfajiri, mvua ya kwanza ya maana ya masika ikipiga. Nilisikia tone. Si juu ya bati, ndani. Nikamulika kwa simu: maji yalikuwa yametengeneza duara la kahawia kwenye jipsamu, upana wa sinia, na katikati ya duara lile ndipo ilipo holda ya taa. Tone linajikusanya chini ya balbu, linarefuka, linaanguka, lingine linaanza. Nilikwenda kuzima umeme kwenye mita kabla sijasema neno na mtu. Kisha tukasogeza mkeka, tukamalizia daku chumbani kwa mama.

Asubuhi jipsamu ilikuwa imelegea kama mkate uliolowekwa. Kipande kimoja kilianguka chenyewe adhuhuri.

12 Aprili: Kwa nini lilivuja

Nimefunika kwa turubai na nimempata fundi mwingine, mzee wa makamo aliyeezeka nyumba nyingi za mtaa wetu. Nilipomwamkia alikuwa tayari amesimama ng'ambo ya barabara anatazama paa. Alikaa vile robo saa kabla ya kuomba ngazi. Aliyonionyesha juu nayaandika kwa kirefu, maana ndiyo yaliyokula pesa.

Misumari kwanza. Polikaboneti inatanuka kwa joto zaidi ya mara tano ya chuma. Kipande cha mita 3, kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi kuungua kwa saa nane, tofauti ya nyuzi 35, kinaongezeka karibu milimita 7. Bati la chuma la urefu huo huongezeka milimita 1 na kidogo. Sisi tulikipigilia misumari moja kwa moja, tundu limebana msumari. Kila siku kilitaka kutembea, misumari ikakikatalia. Kulikuwa na sauti ya "ta! ta!" kila alasiri, tukidhani ni panya au maembe mabichi. Sasa kila tundu la msumari limetoa nyufa pande zote kama miguu ya buibui, na mengine yamekuwa na umbo la yai. Dawa yake: toboa kwa drili tundu lililo kubwa kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, tumia skrubu yenye kofia pana na mpira, na usikaze hadi mpira upasuke.

Pili, silikoni. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi inakula zinki. Chini ya mstari wa silikoni bati letu lilikuwa limetoa unga mweupe, na silikoni yenyewe ilibanduka kwa ukucha kama ngozi ya kidonda kilichopona. Kwa paa la bati tafuta isiyo na asidi. Bei yake ni karibu mara mbili, na ukiinusa haina siki.

Tatu, grinda. Cheche zake ni vipande vya chuma cha moto. Vinaruka, vinajichomeka kwenye rangi ya bati, halafu vinashika kutu. Eneo la mita mbili kuzunguka pale walipokatia lilikuwa na madoa ya kahawia kama ya tumbaku. Bati la miaka tisa lililokuwa halina kasoro. Tulisugua kwa msasa mwembamba na kupaka rangi ya zinki, doa moja moja, nusu siku. Mzee anakata kwa mkasi wa bati tu, na akilazimika kutumia grinda anashuka nayo chini, mbali na paa.

Nne, upande. Mvua za masika huku zinakuja na upepo wa kusi ukiwa unaanza. Maji yalikuwa yanasukumwa kupanda, yanaingia kwenye maungio yanayotazama huko huko. "Paa lenu halikuwa bovu," mzee alisema. "Mmelitoboa pale linapogombana na mvua."

Gharama za kurudisha hali ilivyokuwa: turubai 25,000, jipsamu bodi mbili 44,000, wolputi na rangi 31,000, fundi umeme kubadilisha holda na kukagua waya 15,000, bati jipya la chuma 48,000, ufundi wa kulirudishia 40,000, rangi ya zinki 18,000. Jumla 221,000. Kuharibu na kutengeneza kumelingana karibu shilingi kwa shilingi, na korido imerudi luksi 11.

Masika yote tumekaa hivyo. Mzee alikataa kufungua paa kabla mvua hazijaisha, nami sikumsukuma.

5 Julai: Mpango wa pili

Kiangazi kimeshika. Tumekubaliana haya:

Upande wa kaskazini. Tundu la sentimita 60 kwa 60, ambalo linaingia kati ya kenchi mbili bila kukata kenchi yoyote. Papi moja, yaani ubao unaopita juu ya kenchi na kushikilia bati, ipo njiani. Itakatwa, lakini baada ya kufungwa mbao mbili za kuibeba huku na huku. Kenchi haikatwi. Fundi akikuambia haina neno, mtafute mwingine.

Kifuniko cha plastiki hakitalala sawa na bati. Tutajenga kitako cha mbao kinachoinuka sentimita 15 juu ya paa, tukivike bati bapa (lisilo na migongo) pande zote, halafu kifuniko kikae juu yake kama mfuniko wa chungu. Maji ya paa yatapita pembeni ya kitako bila kukutana na kifuniko kamwe.

Tundu likae juu kabisa, sentimita 35 chini ya kofia ya paa. Hili lilikuwa wazo la mzee, na naliona ndilo lililookoa kazi. Sehemu ngumu ya dirisha lolote la paa ni upande wa juu, ambako maji yanayoteremka yanagonga kitako na kutuama. Tukiwa karibu na kofia, bati bapa moja linatoka kwenye kitako, linapanda, linaingia chini ya kofia. Juu yake hakuna paa lingine la kuleta maji. Kama tundu lako liko katikati ya paa, itabidi bati bapa lipenye chini ya bati za juu, na ufundi wake ni wa mtu mzoefu.

Mama aliuliza swali ambalo sisi wote hatukuwa nalo: "Na mwizi?" Sentimita 60 mtu anapita. Tumeongeza nondo.

19 Julai: Kazi ya paa, siku mbili

Polikaboneti nyeupe ya tabaka mbili, milimita 10, nimeipata kwa fundi wa mabango. Kipande kilichobaki kwenye kazi nyingine, 75 kwa 75, kwa 40,000. Ukinunua nzima utalipa mara nyingi zaidi na itabaki. Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kulipa. Upande mmoja tu ndio wenye kinga ya jua, na umeandikwa kwenye karatasi ya plastiki inayoufunika. Weka alama kwa kalamu kabla ya kubandua, maana ukigeuza, miaka michache tu inakuwa ya manjano na kukatika kama biskuti. Na vijia vya ndani vikae kufuata mteremko, ncha ya juu izibwe kwa utepe wa aluminiamu. Kipande changu kilikuwa kimekaa stoo wazi, na vijia vilikuwa vimejaa sisimizi na vumbi. Nilivipuliza kwa pampu ya baiskeli, nikavisuuza, nikaviacha siku mbili vikauke kivulini.

Kutoboa, kitako na mbao za papi vilikwisha siku ya kwanza. Siku ya pili yote ilikuwa ya bati bapa. Mpangilio ni kama magamba ya samaki, kuanzia chini kwenda juu: bati la chini la kitako linalalia paa, ya pembeni yanapanda juu ya mgongo wa bati na kuteremka upande wa pili, la juu linaingia chini ya kofia na kulalia yale ya pembeni. Mzee alimwagia ndoo tatu za maji kabla ya kuweka tone la silikoni. Hakuna lililopita. Nilimwuliza silikoni basi ya nini. "Hii nazibia vichwa vya skrubu," alisema. "Maji nayaongoza kwa bati."

Kifuniko kimekaa kwenye fremu ya aluminiamu, na chini yake tumeacha mwanya wa sentimita 4 wenye nyavu ya mbu. Hewa ya moto inapanda na kutokea hapo.

2 Agosti: Kisima cha mwanga

Kati ya tundu la paa na dari tumejenga kisanduku cha plaiwudi. Sisi tunakiita kisima. Kimeinama kidogo kwa sababu tundu la paa halikukaa juu ya katikati kabisa ya korido. Chini kimepanuka kufikia sentimita 80 kwa 100, ili mwanga umwagike na usishuke kama bomba. Tulipaka rangi nyeupe isiyong'aa, mikono mitatu. Mkono wa kwanza ulikuwa rangi ya kung'aa iliyobaki nyumbani, na jua lilipogonga lilirudi machoni kama kioo cha gari. Tukaifunika.

Gharama za hatua hii yote: polikaboneti 40,000, utepe 12,000, fremu 45,000, mbao za dawa 18,000, bati bapa mbili 76,000, skrubu 9,000, silikoni isiyo na asidi mirija miwili 30,000, plaiwudi mbili 64,000, rangi 36,000, nyavu 6,000, nondo na kuchomelea 35,000, mzee na kijana wake siku mbili 110,000, fundi dari 70,000. Jumla 551,000.

Saa sita mchana, milango imefungwa: luksi 290 chini ya kisima, 70 kwenye ncha za korido. Siku ya mawingu 120. Hakuna mraba sakafuni. Mwanga umeenea kama wa alfajiri iliyokwisha kupambazuka, na ukuta wa mbali unaonekana una nyufa ambazo hatukuwahi kuziona.

6 Oktoba: Jua utosini

Niliisubiri siku hii. Jua limesimama juu ya kisima. Korido nyuzi 32, vyumba 31.5. Februari tofauti ilikuwa nyuzi 4, leo ni nusu ya nyuzi moja. Ukiweka mkono karibu na nyavu kule juu, unasikia hewa ya moto inatoka.

9 Novemba: Manyunyu

Mvua ya vuli ilikuja na upepo wa kutoka kaskazini mashariki, na manyunyu yakapenya kwenye ule mwanya wa hewa. Si kuvuja, ni ukungu wa maji uliolowesha ubao mmoja wa kisima. Kosa ni letu: tuliacha mwanya pande zote nne. Mzee ameziba upande wa juu na wa mashariki, na pande mbili zilizobaki ameziwekea kope, yaani ukanda wa aluminiamu wa sentimita 8 unaoinama nje kama kope la jicho. Ukanda 14,000, ufundi 15,000. Mvua mbili kubwa zimepita tangu hapo na ubao ni mkavu.

20 Desemba: Hesabu

Kwa jumla zimetoka 1,024,000 kwa korido. Kama tungeanza na mpango wa pili ingekuwa 580,000, pamoja na kope. Ndani ya 580,000 hizo, kitu kinachopitisha mwanga ni 40,000. Kilichobaki ni cha kuzuia maji, joto na mwizi, na cha kuushusha mwanga hadi tulipo. Ndiyo maana naumia ninaposikia mtu anauliza bei ya bati la plastiki na kuondoka amefurahi. Mimi nilikuwa yeye Januari.

Usitarajie kurudisha pesa kwa LUKU. Balbu zetu mbili za wati 9 zikiwaka saa 12 kwa siku zinakula uniti 6.5 kwa mwezi. Kwa 356 ninayolipa kwa uniti, ni kama 2,300. Gawanya 580,000 kwa hiyo: miaka 21. Anayekuuzia dirisha la paa kwa hoja ya umeme hajapiga hesabu.

Matunzo hadi sasa: kila mwisho wa mwezi natoa vumbi na majani ya mwembe juu ya kifuniko kwa kitambaa na maji ya sabuni, bila brashi ngumu wala petroli. Kabla ya masika nitapanda kukagua mipira ya skrubu na bati bapa chini ya kofia.

Mkeka umerudi koridoni. Mama ameuhamisha kutoka pale ulipokuwa zamani, karibu na mlango wa uani, na kuuweka chini ya kisima. Jana saa nne asubuhi alikuwa amekaa hapo na ungo wa mchele, taa zote zimezimwa. Aliokota chuya moja, akaigeuza karibu na jicho la kushoto, akaitupa, akaendelea. Alipofika katikati ya ungo aliniita nilete ndoo ya maji, akaniambia niiweke ukutani, isikae njiani.